Maktaba inayobadilisha jamii huanza na daftari la maswali, si shehena ya vitabu

Mleta uzi

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Nimefanya kazi ya ukutubi kwa zaidi ya miaka ishirini katika maktaba ya wilaya moja hapa Tanzania, na sasa nimestaafu. Nimeleta uzi huu kwa sababu kila linapozungumzwa suala la maktaba, mazungumzo huanzia kwenye jengo na kuishia kwenye idadi ya vitabu, kisha watu hukubaliana kwamba sisi hatupendi kusoma, na hoja inafungwa. Lawama hiyo siikubali. Watu husoma wanapokuta kitu kinachogusa jambo linalowanyima usingizi, na maktaba iliyojipa kazi ya kulijua jambo hilo huwafaa majirani zake hata kama ni chumba kimoja chenye makabati mawili.

Nianze na nilichokiona utotoni. Nilikulia kijijini, Kanda ya Ziwa. Mwalimu Nyerere alipoutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, mama yangu alikuwa miongoni mwa walioingia kisomo, akiwa na mtoto mgongoni na daftari kwenye kikapu. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya, iliyofundisha afya kwa redio na vikundi vya majadiliano. Nilikuwa na umri wa miaka kumi hivi, nami nikiwatazama wanakikundi wakikusanyika jioni chini ya mwembe mbele ya redio moja. Kipindi kilipokwisha walifungua kijitabu, kiongozi wa kikundi akasoma au akamwomba anayeweza asome, wakajadili, na hawakuondoka kabla ya kupatana watakalolifanya. Walilopatana lilikuwa kuchimba vyoo, kufyeka majani kuzunguka nyumba na kuchemsha maji ya kunywa. Nchi nzima walifunzwa viongozi wa vikundi wapatao 75,000, na washiriki walikuwa kama milioni 2. Mimi nilichokumbuka ni choo chetu, ambacho baba alianza kukichimba kesho yake, kwa sababu alikuwa amesema mbele ya watu kwamba atakichimba.

Nimelirudia tukio hilo mara nyingi katika kazi yangu. Kijitabu peke yake kisingechimba choo, na redio peke yake isingechimba pia. Kilichotenda kazi ni maandishi kukutana na watu waliokaa pamoja, wenye jambo moja linalowasumbua, na mtu aliyefunzwa kuyaongoza mazungumzo.

Waliojua kusoma walihitaji kitu cha kuendelea kusoma, ndipo zikaanzishwa maktaba za vijiji, na kwetu Kanda ya Ziwa likaandikwa gazeti la Elimu Haina Mwisho kwa Kiswahili chepesi, kwa ajili ya waliohitimu kisomo. Maktaba ya kijiji chetu ilikuwa kabati la mbao katika chumba cha shule, na ufunguo wake alikuwa nao mwalimu mmoja. Ndani mlikuwa na vijitabu vya kilimo cha pamba, ufugaji wa nyuki, malezi na lishe. Mama aliazima, akamsomea baba, ambaye alikuwa bado hajaanza kisomo, na nadhani ndiyo sababu baba naye aliingia darasani mwaka uliofuata.

Kwa hesabu za serikali, watu wazima wasiojua kusoma na kuandika walikuwa karibu asilimia 67 mwaka 1967, na kufikia mwaka 1986 walikuwa wamepungua hadi chini ya asilimia 10. Halafu zikaja shida za kiuchumi za miaka ya themanini. Karatasi za kuchapia zikaadimika, posho ya watunza maktaba za vijiji ikakoma, vitabu vilivyochakaa havikupata vya kushika nafasi yake, na makabati mengi yakageuka ya kuwekea chaki. Sensa ya mwaka 2002 ilikuta karibu theluthi moja ya watu wazima hawajui kusoma na kuandika. Sababu zake ni nyingi, zikiwemo za shule za msingi zenyewe, lakini sina shaka kwamba mojawapo ni kuwafundisha watu kusoma kisha kuwaacha bila cha kusoma.

Mimi nilisomea ukutubi Bagamoyo, katika chuo cha Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, nikapangiwa wilayani. Nilikuta meza zimejaa na rafu hazijaguswa. Waliojaa mezani walikuwa wanafunzi wa kidato cha nne na cha sita, kila mmoja na madaftari yake na mitihani ya miaka iliyopita, waliofuata kiti, mwanga na utulivu ambao nyumbani hawakuwa nao. Watu wazima walikuja kusoma gazeti, wakaondoka. Mara moja tulipokea shehena ya vitabu vya msaada kutoka ng'ambo. Kulikuwa na miongozo ya kodi ya nchi ya wafadhili, vitabu vya programu za kompyuta ambazo hakuna aliyezitumia tena, na hadithi za watoto wanaoteleza kwenye theluji. Tulivipiga muhuri, tukaviorodhesha, tukapiga picha na viongozi. Miaka mitatu baadaye nilifungua baadhi yake nikakuta karatasi ya tarehe za kuazima ni nyeupe kama siku ilipobandikwa. Kosa hilo lilikuwa letu zaidi kuliko la waliotuletea, kwa sababu walituuliza tunahitaji nini, nasi tukajibu kwa neno moja: vitabu.

Mabadiliko yaliletwa na mama mmoja muuza kuku. Aliingia siku ya gulio, akasimama mlangoni kana kwamba anaomba radhi, akauliza kama tuna kitabu kinachoeleza kwa nini kuku wa mtaa mzima hufa kwa wiki moja. Hatukuwa nacho. Zamani ningemjibu hivyo tu. Siku ile niliandika swali lake nyuma ya daftari la mahudhurio na kumwambia arudi gulio lijalo, kisha nikaenda kwa afisa mifugo. Akaniambia kuwa huo ni mdondo, ambao wengine huuita kideri, na kwamba ugonjwa ukishaingia hauna tiba, bali kuna chanjo ya tone moja la jicho inayorudiwa kila baada ya miezi mitatu hivi. Tatizo halikuwa bei. Kichupa kimoja hutosha kuku wengi sana na kikishafunguliwa hakikai, kwa hiyo mwenye kuku sita hanunui, na jirani yake mwenye kuku wanane hanunui, na wote wanapoteza kuku wao kila msimu. Palihitajika mahali pa watu kukaa na kukubaliana siku moja ya kuchanja. Tulikuwa na meza, viti na ukumbi ambao Jumamosi mchana ulikuwa mtupu. Wakaja, afisa akaeleza, nikawasomea kwa sauti kipeperushi alicholeta, wakachangishana.

Tangu siku hiyo kila swali liliingia daftarini, hata tulilokuwa na jibu lake. Baada ya mwaka mmoja nilikaa nikalisoma lote, na ndipo nilipoijua wilaya niliyokuwa nimeishi kwa miaka minane. Watu waliuliza kuhusu kuku, kuhusu cheti cha kuzaliwa, kuhusu barua ya kuomba kazi, kuhusu minyoo ya watoto. Wajane waliuliza kuhusu shamba. Swali hilo la mwisho lilikuwa limeulizwa mara nyingi kiasi kwamba niliagiza nakala ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, na kumwomba msaidizi wa kisheria aje mara moja kwa mwezi kuisoma pamoja nao. Kifungu cha 20 kinasema kwamba mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki, kutumia au kuifikia ardhi kwa sababu ya uanamke wake ni batili. Nilimwona mama mtu mzima akiweka kidole chini ya maneno hayo na kuyasoma mara tatu, silabi kwa silabi, kisha akaomba kalamu ayanakili ili akayasome kwenye kikao cha ukoo. Aliyajua kwa sababu ya kisomo. Aliyapata kwa sababu kuna mtu aliyeandika swali lake.

Naomba wenye mifano ya kwao waniongezee, hasa walioko nje ya Tanzania.

Mchangiaji, Nairobi

Shikamoo mzee wetu. Uzi huu nimeusoma mara mbili.

Naleta mambo mawili ya Kenya. La kwanza ni la mlango wenyewe, yaani nani anaruhusiwa kuupita. Maktaba ya McMillan hapa katikati ya jiji ilifunguliwa mwaka 1931, na kwa muda wa miaka 27, hadi 1958, ilikuwa ya Wazungu pekee. Mwafrika aliweza kupita mbele ya wale simba wa mawe kila siku ya maisha yake asijue ndani mna nini. Mwaka 1962 ilikabidhiwa baraza la jiji, ikawa ya wote kwa sheria, lakini jengo linaweza kufunguliwa kwa sheria na bado likabaki limefungwa mioyoni mwa watu. Mwaka 2017 wanawake wawili, Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, walianzisha shirika la Book Bunk kwa ajili ya kuifufua McMillan na matawi yake mawili ya Kaloleni na Makadara, kwa makubaliano na Kaunti ya Nairobi. Ninachokiheshimu ni kwamba walianza na matawi ya mitaani, yaliyo kwenye maeneo yaliyojengewa wafanyakazi Waafrika enzi za ukoloni, na kwamba waliwauliza wakazi wanataka maktaba ya namna gani kabla ya kupaka rangi. Shangazi yangu anaishi karibu na Kaloleni. Zamani alipita pale kama anavyopita ofisi ya ushuru. Sasa wajukuu wake humburuta kwenda.

La pili ni la ngamia. Mwaka 1996 Huduma ya Maktaba za Kitaifa ilianzisha maktaba ya ngamia mjini Garissa, kwa ajili ya jamii za wafugaji zinazohama kufuata maji na malisho. Wengi huizungumzia kama kioja cha kupigia picha, nami nasikitika, kwa maana ndani yake mna fikra nzito. Wakutubi walitambua kwamba barabara za mchanga huzishinda gari, na kwamba msomaji wao hana anwani. Kwa hiyo ngamia mmoja hubeba masanduku ya vitabu, mwingine hubeba hema, na msafara huenda hadi walipo watoto, mikeka inatandikwa, vitabu vinaazimwa, na baada ya majuma mawili msafara unarudi. Mwenye ngamia na mchunga njia ni watu wa hukohuko, wanaojua kisima kipi kimekauka na familia zimehamia wapi. Hili daftari lako, mzee, wao wanalo kichwani.

Jambo moja linaniuma. Katiba yetu ya mwaka 2010 iliziweka maktaba chini ya serikali za kaunti, na ukifungua Jedwali la Nne utazikuta katika kifungu kimoja na michezo ya kamari, leseni za vileo na majumba ya sinema. Makabidhiano kati ya serikali kuu na kaunti yalichukua miaka mingi. Ninaamini kama maktaba zingewekwa pamoja na afya au elimu, hata wanaopanga bajeti wangezitazama kwa jicho jingine.

Mchangiaji, Arusha

Mleta mada, nakuheshimu sana, lakini naomba nitofautiane nawe. Mimi ni kijana wa miaka 24. Swali la kuku nalijibu kwenye simu kwa dakika mbili, na sheria hiyo ya ardhi ipo mtandaoni bure. Fedha za kukarabati maktaba zingepelekwa kwenye minara ya intaneti vijijini, zingewafikia watu wengi zaidi kuliko kabati lolote. Sioni kama ni dhambi kusema kwamba wakati wa maktaba umepita.

Mleta uzi

Kijana wangu wa Arusha, si dhambi hata kidogo, na minara ya intaneti mimi pia naitaka. Nikujibu kwa jambo ambalo umelipitia karibuni zaidi kuliko mimi.

Kijana aliyemaliza kidato cha sita anapoomba mkopo wa elimu ya juu, maombi yote ni ya mtandaoni, na kabla ya hapo cheti chake cha kuzaliwa lazima kihakikiwe na RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, nako ni mtandaoni. Ana simu. Lakini anakwenda wapi? Anakwenda steshenari. Analipa ili ajaziwe fomu na mtu ambaye ana foleni ya watu kumi na watano, anayefungua barua pepe kwa haraka, akaweka nywila anayoijua yeye, akapandisha nyaraka bila kumwonesha mwenyewe. Sisemi wenye steshenari ni wabaya, kwani wanafanya biashara halali na wametusaidia wengi. Nasema nimekutana na vijana waliokosa mkopo kwa kosa la jina moja kuandikwa tofauti na cheti, na wengine walioshindwa kuingia tena kwenye akaunti zao kwa sababu nywila imebaki steshenari. Simu wanayo. Walichokosa ni mtu asiye na haraka wala faida, atakayekaa kando yao na kuwaacha wabonyeze wenyewe. Katika miaka yangu mitatu ya mwisho tulitenga kompyuta mbili kwa ajili hiyo wakati wa msimu wa maombi, na sharti letu lilikuwa kwamba mkutubi hagusi kibodi.

Kuhusu mama wa kuku, simu ingemwambia jina la chanjo. Isingemletea majirani kumi na wawili Jumamosi mchana.

Nikutolee na mfano wa mbali, mahali ambapo simu na intaneti si tatizo. Agosti 2014, katika mji wa Ferguson, jimbo la Missouri nchini Marekani, polisi alimuua kwa risasi kijana Michael Brown, na mji ukaingia katika machafuko. Shule ziliahirisha kufunguliwa. Maktaba ya mji huo ni ndogo, na mkurugenzi wake, Scott Bonner, ndiye alikuwa mtumishi pekee wa kudumu wa saa zote, lakini haikufunga mlango. Walimu waliwafundisha watoto humo, watu wa kujitolea wakaja, na shule zilipofungwa tena mwezi Novemba maktaba ilibaki wazi kwa mara nyingine. Wananchi waliokuwa hawaaminiani barabarani waliaminiana ndani ya chumba hicho, na imani hiyo ilikuwa imejengwa kabla ya siku ya shida.

Mchangiaji, Masaka

Salaam kutoka Uganda, ndugu zangu. Huku kwetu iko maktaba ya jamii ya Kitengesa, iliyoanza mwaka 1999 kama sanduku la vitabu katika shule ya sekondari ya kijijini. Baadaye ilipata jengo lake na umeme wa jua, na wakati huo nyumba za jirani hazikuwa na umeme, hivyo taa yenyewe iliwaita watu kabla ya vitabu. Nawaeleza jambo moja ambalo ningependa liigwe. Baadhi ya wanafunzi wasio na uwezo huajiriwa kwa saa chache kila juma kuhudumia wasomaji, kupanga vitabu na kuwasomea watoto, na malipo yao ni karo. Mtoto aliyekuwa karibu kuacha shule anakuwa mtumishi wa maktaba, na wazazi wa kijiji wanamwona binti au mwana wao nyuma ya meza ya mkutubi. Wanakuja kwa ajili yake.

Nami nina swali kwa mzee. Huku watu wengi huona haya. Anayeumwa au mwenye mgogoro wa ndoa hawezi kukubali swali lake liandikwe katika daftari ambalo kila mtu atalifungua. Mlifanyaje?

Mleta uzi

Ahsante sana ndugu wa Masaka. Hilo la wanafunzi kulipwa karo sikulijua kwa undani, na natamani ningelijua nikiwa kazini. Na wewe binti yangu wa Nairobi, marahaba. Mfikishie shangazi salamu.

Swali la haya lilitugharimu, nami nakiri. Mwaka wa kwanza niliandika majina. Siku moja mtu alifunua kurasa za nyuma akitafuta kalamu, akasoma swali la jirani yake kuhusu dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi, na yule jirani hakurudi maktaba tena. Nilimfuata nyumbani kumwomba radhi. Alinipokea kwa heshima, akanikaribisha uji, lakini hakurudi. Kuanzia hapo daftari lilikuwa na tarehe, swali na jibu lilikopatikana, bila jina, bila mtaa, na lilikaa kwenye droo yenye kufuli. Maswali ya ugonjwa na ya ndoa tuliyapokea kwa karatasi ndogo zilizokunjwa, zikitumbukizwa katika boksi lililokuwa karibu na magazeti ili anayetumbukiza aonekane amefuata gazeti. Majibu tuliyaandika kwenye ubao wa matangazo kwa maneno ya jumla, pamoja na majina ya vijitabu vya kusoma, ukurasa, na rafu vilipo. Yalisomwa na watu wengi kuliko walioandika karatasi hizo.

Kwa wakutubi vijana wanaosoma hapa naongeza jambo la kiofisi. Muhtasari wa daftari usiishie maktaba. Kata inapopanga mipango yake kwa utaratibu wa Fursa na Vikwazo katika Maendeleo, yaani wananchi kutaja wenyewe walichonacho na kinachowakwamisha, omba nafasi mbele ya Kamati ya Maendeleo ya Kata na uwasomee. Mara ya kwanza nilipewa dakika tano mwishoni mwa kikao, watu wakiwa wamekwisha kufunga mafaili. Niliwasomea idadi ya maswali kwa kila jambo katika miezi sita. Ya maji ya kisima kimoja yalikuwa 41. Diwani akauliza kisima hicho kiko wapi, mtendaji wa kata akafungua tena faili lake, na tukakaa hadi magharibi.